Ukimpeleka mzee Louvre, usikimbilie tiketi

Kama unampeleka mzazi au ndugu mwenye ulemavu Louvre, lile jumba la makumbusho la Paris, jua hili mapema: yeye anaingia bure, na mtu mmoja anayemsindikiza naye bure, hata kama si raia wa Ufaransa. Mnachotakiwa kuonyesha ni kitambulisho au cheti cha ulemavu, kwa hiyo kiwe mkononi, si hotelini. Ile foleni ndefu nje ya piramidi ya vioo, ambayo ndiyo lango kuu, haiwahusu. Nendeni moja kwa moja kwa mlinzi, mwonyesheni, mtapitishwa.

Ndani kuna viti vya magurudumu vya kuazima bila malipo. Unaacha kitambulisho, unakichukua ukirudisha kiti. Tafadhali chukueni hata kama mama anasema anaweza kutembea. Jumba lile ni kubwa mno, na magoti yataanza kulalamika kabla hamjafika kwenye mchoro wa Mona Lisa.

Ngazi za kuzunguka chini ya piramidi zisiwatishe. Katikati yake kuna lifti ya duara isiyo na paa: mama anashuka taratibu huku akitazama vioo na mawingu juu yake. Ombeni pia ramani inayoonyesha lifti nyingine. Jumanne wamefunga.