Ramani ya aina za mchwa: hatua kwa hatua, hasa hapo kwenye askari

Nimemsaidia dogo mmoja wa chuo na projekti yake ya mchwa huku Morogoro, maswali yenyewe ni yale yale kila mwaka so naandika hapa.

1. Gawa eneo kwa mimea: miombo, msitu, majani, mashamba.

2. Piga mstari wa mita 100 kwa upana wa mita 2, ukate vipande 20. Kila kipande watu wawili nusu saa: magogo, mavi ya ng'ombe, magome, udongo. Kuhesabu vichuguu kutoka kwenye gari ni uvivu tu, mchwa kibao hawajengi kichuguu cha kuonekana.

3. Kamata ASKARI, yaani mchwa walinzi wa kundi. Vibarua, wale wa kazi, wanafanana mno, ukirudi na chupa ya vibarua watupu ni kama hukwenda. Sasa jenasi moja moja (jenasi ni kundi la spishi za karibu): Macrotermes ana askari wa saizi mbili, chukua wote, ila yule mkubwa aking'ata damu inatoka na ukimvuta kichwa kinabaki kidoleni, tumia kibano. Odontotermes mwangalie taya la kushoto, lina jino. Trinervitermes kichwa kimechongoka mbele, anarusha gundi. Cubitermes ana taya ndefu nyembamba na kichuguu kifupi, mara nyingi cha umbo la uyoga. Hiyo inakupa jenasi tu, spishi mpaka darubini.

Sasa balaa lenyewe: uliyemkuta kwenye kichuguu sio lazima awe mwenye nyumba. Bomoa ukuta wa Macrotermes unakuta mchwa wa jenasi nyingine, Microtermes, wamepanga humo humo kimya kimya, ukiwatia chupa moja data imekufa. Kila kundi chupa yake, na uandike umelitoa ukutani, katikati au nje. Kumbikumbi wa kwenye taa usiwahesabu kabisa, wale wameruka kutoka kwingine.

4. Etanoli 80%, lebo ya PENSELI ndani ya chupa. Wino unayeyuka, msibishane na mimi.

5. Ramani ichore kwa QGIS, programu ya kompyuta, ya bure na inatosha. X ni longitudo, Y latitudo, na latitudo yetu ina alama ya kutoa. Ukiisahau Morogoro inahamia Ethiopia, ukigeuza namba mchwa wako wako kusini mwa Hispania.

6. Ulipotafuta ukakosa weka duara tupu. Ambako hukufika acha peupe, usipake rangi ya kubahatisha.