Namna ya Kutumia Mimea kwa Usalama Unapougua Baridi Yabisi

Kabla ya kununua unga au mzizi wowote, hakikisha kwamba ugonjwa ulio nao ni baridi yabisi kweli, kwa maana maumivu ya viungo yana vyanzo vingi na kila kimoja kina tiba yake. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili huushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi huwa vigumu kukunjika kwa nusu saa au zaidi. Mwenye dalili hizo aende hospitali ya rufaa ya mkoa wake, au Mulago ikiwa yuko Kampala, akapimwe damu na kupigwa picha ya mikono.

Akishaanzishiwa dawa, kwa kawaida methotrekseti inayomezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki, asiiache kwa sababu amepata mzizi unaopunguza maumivu. Nalisisitiza hili kuliko yote yatakayofuata. Maumivu yanaweza kutulia huku mfupa ukiendelea kuliwa, na hakuna mmea wa jikoni uliothibitika kuzuia uharibifu huo. Wala kusema hivyo si kuidharau mimea: hidroksiklorokwini, ambayo wagonjwa wengi wa baridi yabisi huandikiwa, iliundwa maabara kwa kufuata nyayo za kwinini, na kwinini ilitoka katika gome la mti wa Amerika Kusini.

Mmea uliochunguzwa sana ni binzari ya manjano. Kiini chake, kukumini, huzuia baadhi ya kemikali za mwili zinazochochea uvimbe, na katika utafiti mdogo wa India uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 45, waliopewa kukumini walipata nafuu ya maumivu na uvimbe. Hata hivyo, walipewa kukumini iliyokolezwa, ilhali unga wa kawaida una takribani asilimia 3 tu ya kiini hicho. Kijiko cha chai cha gramu 3 kina kama miligramu 90, na utumbo hufyonza sehemu ndogo sana ya hizo. Kwa hiyo itumie kama chakula kinachosaidia: ikaange kidogo kwenye mafuta, kwa kuwa kukumini huyeyuka katika mafuta, kisha uitie kwenye maharage au mchuzi wa njugu. Nunua mizizi mibichi sokoni, ioshe, ikate vipande vyembamba, ianike kivulini hadi kipande kivunjike kwa mlio badala ya kupinda, ndipo uisage. Kazi hiyo ina maana yake, kwani huko Bangladesh unga wa binzari ulikutwa umetiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae. Pilipili manga huongeza sana ufyonzwaji wa kukumini, lakini huweza pia kuongeza kiasi cha dawa nyingine kinachoingia kwenye damu. Ile chembe ya kiungo cha mboga haina neno, ila vidonge vya kukumini vilivyochanganywa nayo usivianze bila daktari kujua.

Tangawizi katika chai haina shida kwa wengi. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajiepushe na tangawizi na kukumini za kipimo kikubwa, zisije zikamzidishia kutokwa na damu.

Ukiuziwa mtandaoni vidonge vya mmea wa Kichina uitwao Tripterygium wilfordii, usivinunue. Ni kweli kwamba majaribio ya China yameonyesha kuwa dondoo lake hupunguza dalili za baridi yabisi kwa kiwango kinachostahili kuheshimiwa, lakini mmea huo unaweza kusimamisha hedhi na kupunguza mbegu za kiume, na ukiandaliwa vibaya ni sumu.

Dawa za chupa na unga zinazouzwa katika soko la Owino mjini Kampala na kwenye vituo vya mabasi zinahitaji jicho kali zaidi. Tafuta kwenye kibandiko namba ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda, yaani NDA, pamoja na jina la kila mmea uliomo. Muuzaji asipoweza kuutaja, ondoka. Dawa inayomaliza maumivu yote kwa siku mbili au tatu itilie shaka, kwa sababu katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa za miti zilizochanganywa kwa siri na prednisoloni au diklofenaki, dawa za hospitali za kupunguza uvimbe na maumivu. Uso ukianza kuwa wa mviringo, njaa ikazidi na sukari ikapanda, hizo ni dalili za prednisoloni; ichukue chupa hiyo uende nayo hospitali. Ukiwa umeitumia kwa wiki kadhaa usiikatishe ghafla mwenyewe, kwani mwili uliozoea prednisoloni huweza kuzimia ikikosekana. Miti iliyolowekwa katika waragi haimfai kabisa anayetumia methotrekseti, maana pombe na dawa hiyo zote mbili hulielemea ini.

Mtajie daktari kila unachokunywa, hata kama unaona haya, naye akupangie vipimo vya ini na damu. Anza mmea mmoja kwa wakati, na uandike kwenye daftari tarehe, kiasi, na muda ambao vidole huchukua kulegea asubuhi. Mama anayetarajia kushika mimba amwone daktari kwanza, kwa kuwa methotrekseti hudhuru mtoto tumboni na huachwa miezi kadhaa kabla. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi au homa ikipanda, acha mitishamba na uende hospitali siku hiyohiyo.