Nyama ya bega ya kupiga moshi halafu kuivia chunguni, namna ninavyoipika nyumbani

Jamani hii nyama inataka siku yako nzima, sio ya kuanza ukitoka kazini jioni alafu watoto wana njaa. Mi naipika Jumapili, moto nawasha saa tatu asubuhi na tunakaa mezani saa kumi jioni, kwaiyo kama una safari ya mchana iache mpaka wiki ijayo.

Asili yake ni Marekani. Kule wana pishi lao la siku nyingi la kuchukua kipande kizima cha ng'ombe, kukifunika kwenye chungu kizito na vitunguu, karoti na supu kidogo, alafu kukiacha taratibu mpaka kikatike kwa kijiko. Upande mwingine wana mambo ya nyama ya moshi, hasa Texas, ambako wachinjaji wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki karne ya 19 walikuwa wanafukiza nyama iliyobaki buchani isiharibike. Hili pishi ninalolisema linaunganisha hayo mawili, nyama inapigwa moshi kwanza masaa matatu hivi, ndo inaingia chunguni kumalizia.

Na mi nasema kabisa kwamba kwa ng'ombe wetu hii ndo njia sahihi kuliko ile ya moshi mwanzo mwisho ambayo watu wanaiona kwenye video wanaitamani. Niliijaribu ile, nilichukua kidari nikakiweka kwenye moshi masaa kumi, nje ikatoka na rangi nzuri sana lakini ndani kavu, unatafuna mpaka taya linauma, na nilikuwa nimealika watu. Sababu nilikuja kuielewa baadae. Ng'ombe wao wengi wanamalizia miezi ya mwisho wakilishwa nafaka, mafuta yanaingia mpaka katikati ya nyama, ndo yanayoilinda kwenye moto mrefu. Ng'ombe wetu katembea, kala majani, nyama yake ina ladha tamu lakini mafuta ya ndani ni machache, ukiikausha masaa kumi hakuna cha kuiokoa. Chungu ndo kinaiokoa.

Tuanze buchani. Omba nyama ya bega, au ya shingo kama bega limeisha, kipande kizima kisicho na mfupa cha kilo mbili hivi. Mwambie mapema kabisa kabla hajashika panga, "niachie kizima usikate", maana mkono wake umeshazoea kukatakata na kuchanganya. Usidanganywe ununue sarara, hiyo ni laini tayari na hapa utakuwa umetupa hela, hili pishi linataka nyama yenye ile mishipa myeupe na utando, ndo itakayoyeyuka. Wote tunaijua supu ya makongoro ikipoa inavyoganda kama jeli, basi kitu kinachogandisha makongoro ndo hichohicho kipo kwenye bega, wataalamu wanakiita kolajeni, na kikipikwa taratibu muda mrefu kinageuka jelatini, nyama inakuwa laini na mchuzi unashika midomo.

Kitu kingine ambacho watu wetu hawakipi uzito ni kwamba nyama iliyochinjwa alfajiri leo ukiipika leo inakuwa ngumu, misuli bado imekaza. Nunua Alhamisi au Ijumaa, weka kwenye friji chini kabisa ndani ya bakuli, Jumapili itakuwa imelegea. Jumamosi usiku ipake chumvi, kwa kilo mbili vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa vinatosha, na pilipili manga uliyoitwanga mwenyewe isiwe unga, kijiko kimoja kikubwa. Basi, hayo tu, tangawizi na bizari ziache siku nyingine. Irudishe kwenye friji bila kuifunika ili juu ikauke kidogo, chumvi inatumia usiku kuingia ndani.

Kuni sasa, hapa naomba umakini. Moshi ni kiungo kama karafuu, ukikosea kuni umekosea pishi zima. Wamarekani wanatumia miti yao, hickory, mwaloni, mesquite. Sisi tuna mwembe, mpera, mchungwa, mlimau, na kwa sisi wa huku Arusha na Kilimanjaro kuna mibuni mizee inayokatwa mashambani, moshi wake nausifia sana, hauna ukali. Magunzi makavu ya mahindi nayo yanafaa, kuna sehemu za Marekani kama Vermont wanafukizia paja la nguruwe kwa magunzi miaka na miaka. Usivyopaswa kutumia ni msonobari, mwerezi na mkaratusi, vina utomvu na mafuta yanayoacha uchungu kwenye nyama, na mabaki ya mbao ya fundi usiguse kabisa maana yana rangi, gundi na dawa za wadudu. Mnyaa wa uzio wenye utomvu mweupe huo ni sumu, hata kuuchoma karibu na nyama usithubutu. Kuni ziwe kavu kweli, vipande vya ukubwa wa ngumi, vitano au sita tu. Kuna wanaosema uziloweke, mi sikubaliani nao, kuni iliyolowa inatoa mvuke kwanza na moto unapoa, hupati chochote cha maana.

Natumia nusu pipa lenye mfuniko, lile la kuchomea nyama, fundi wa kuchomelea nilimwambia atoboe tundu mbili chini na moja juu kwenye mfuniko upande wa pili. Mkaa washa kwa magunzi au vijiti, mafuta ya taa hapana, harufu yake inabaki mpaka kwenye mchuzi. Makaa yakishakuwa na majivu meupe juu, yasukume yote upande mmoja. Nyama inakaa upande mwingine usio na moto chini yake, hapa hatuchomi, tunafukiza. Chini ya nyama weka sufuria kuukuu yenye maji, inapokea mafuta yanayodondoka na inatuliza joto. Kipande kimoja cha kuni weka juu ya makaa, funika, tundu la juu liwe upande wa nyama ili moshi upite juu yake kabla haujatoka.

Joto la ndani ya pipa linatakiwa kati ya nyuzi 110 na 130. Kama unaweza nunua kipimajoto cha nyama, kitu cha bei ya kawaida na kinakutoa kwenye kubahatisha. Kama huna, tumia unga, mwaga kijiko cha unga wa ngano kwenye kipande cha foili weka pale nyama itakapokaa, funika dakika kumi, ukikuta umeungua moto ni mkali punguza makaa, ukikuta bado mweupe au umebadilika kidogo tu endelea. Ni makadirio tu lakini yamenisaidia sana kabla sijanunua kipimajoto.

Angalia moshi wenyewe. Unaotaka ni mwembamba, unakaribia bluu, wakati mwingine hata huuoni unausikia kwa harufu tu. Ukiona mzito mweupe unaotoka kama gari bovu, kuni haiwaki vizuri na hewa haitoshi, fungua tundu za chini zaidi, na nyama usiiweke mpaka uwe umetulia, maana ule mweupe ndo unaofanya watu waseme nyama ya moshi ni chungu. Nyama iingie ikiwa bado ya baridi kutoka kwenye friji, moshi unashika vizuri kwenye nyama ya baridi yenye unyevu. Ukiikata baadae utaona mstari wa pinki kuzunguka pembeni, watu wanaogopa wanasema mbichi, sio mbichi, ni gesi za moto wa kuni zilizoshikana na ile rangi nyekundu ya nyama.

Kila baada ya nusu saa ongeza kipande cha kuni na makaa machache, fanya haraka funga. Usiwe unafunguafungua kuangalia, kila ukifungua joto lote linaondoka unaanza upya. Masaa mawili na nusu mpaka matatu yanatosha, nyama itakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, imejikunja kidogo, na ndani kipimajoto kinasoma nyuzi 70 hivi. Hapo imeshakula moshi wake wote, kuendelea kuifukiza ni kuikausha bure.

Na hii naisema kwa herufi kubwa moyoni, YOTE HAYA YANAFANYIKA NJE. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi haina harufu na haionekani, inaua watu ndani ya vyumba kila msimu wa baridi, na kufungua dirisha moja hakutoshi. Mvua ikinyesha ahirisha, au sogea chini ya banda lililo wazi pande zote.

Nyama ikiwa inakaribia, andaa chungu. Sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, ya chuma ni bora zaidi, chungu cha udongo kilichozoea moto pia kinafanya kazi nzuri sana. Kaanga vitunguu maji vikubwa vitatu ulivyokata vinene kwa mafuta kidogo mpaka viwe kahawia kweli, usiishie kwenye kulainika, rangi ya mchuzi wote inatoka hapa. Weka vijiko viwili vya nyanya ya kopo, ikaange mpaka iache kunukia ubichi, kitunguu saumu kizima kilichokatwa kichwa tu, tawi la rozimeri kama unalo bustanini, alafu supu ya mifupa vikombe viwili. Supu isiwe na chumvi, nyama inayo tayari na mchuzi utapungua, wale wa kutia vidonge vya supu hapa ndo mnapoharibu. Mi naongeza na vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju, kule wenzetu wanaweka mvinyo mwekundu ili kupata uchachu, ukwaju unaifanya kazi hiyohiyo na unapatana na moshi kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Laza nyama juu ya vitunguu. Supu ifike nusu ya nyama, isiizamishe, ukiizamisha umepika nyama ya kuchemsha na moshi wako wote umeyeyukia kwenye maji. Funika. Kama una oveni weka nyuzi 150. Kama huna, rudi kwenye jiko la mkaa, acha moto mdogo chini alafu palia makaa machache juu ya mfuniko, kama bibi zetu wanavyopalia wali au mkate wa kumimina. Wamarekani nao wana chungu cha chuma cha kwenda nacho kambini ambacho mfuniko wake umetengenezwa na ukingo wa kushikilia makaa, ni kupalia kulekule. Moto wa juu na wa chini unafanya nyama iive kwa mvuke unaozunguka, na chini hakushiki. Mchuzi uwe unatikisika kwa mbali tu, kiputo kimoja hapa kingine pale. Ukiuacha uchemke kwa fujo nyama inakaza na kuchambuka ikiwa kavu.

Masaa mawili baadae igeuze, weka karoti vipande vikubwa na viazi mbatata vilivyokatwa nusu, funika tena saa zima. Kwa jumla nyama yetu inataka masaa matatu chunguni, ng'ombe mzee hata matatu na nusu, usiitoe kwa kuangalia saa. Chomeka uma katikati uzungushe, ukizunguka bila kulazimisha imeiva, kwenye kipimajoto ni nyuzi 95 hivi. Ukiona bado inakataa na kipimajoto kinasoma 85 usiseme imeharibika, hapo ndo kolajeni inaendelea kuyeyuka, ipe muda.

Itoe, ifunike na foili, ipumzike dakika ishirini. Mchuzi engua mafuta ya juu, kamulia kile kitunguu saumu kilicholainika ndani yake, uache uchemke bila mfuniko mpaka uwe mzito wa kushika kijiko, ndo sasa onja chumvi. Nyama ikate kukatisha nyuzi zake, vipande vya unene wa kidole, mwagia mchuzi. Kwetu tunakula na ugali wa moto, ingawa viazi vipo tayari, kwa sababu ule mchuzi wenye moshi na ukwaju unataka kitu cha kuuchovya.

Mnaokaa ghorofani msio na pa kuweka pipa, kuna njia ya pwani ambayo wapishi wa biriani wanaijua. Pika nyama chunguni tangu mwanzo, ila ikaange kwanza pande zote ipate rangi. Ikishaiva, kaa moja jekundu ulilowasha kwenye moto wa gesi liweke kwenye kikombe cha foili au ganda la kitunguu katikati ya sufuria, dondoshea samli kijiko kimoja, moshi ukitoka tu funika fasta dakika tano mpaka kumi, utoe. Madirisha yawe wazi. Haitakuwa sawa na ya masaa matatu, moshi unakaa juujuu, lakini mchuzi unabadilika kabisa na wageni watakuuliza.

Kiporo usikiache juu ya jiko mpaka asubuhi, ndani ya masaa mawili kiwe kwenye friji, nyama ikiwa imelala ndani ya mchuzi wake. Kesho mafuta yatakuwa yameganda juu, yaondoe uyatunze ya kukaangia maharage. Nyama ikate ikiwa bado ya baridi, itakatika vipande safi bila kuvunjika, alafu pasha taratibu ndani ya mchuzi huohuo mpaka uchemke. Jumatatu na chapati ndo inakuwa tamu kuliko Jumapili.