Kuotesha fuwele za aloi ndani ya kompyuta

Pistoni chakavu zinazoyeyushwa kwenye karakana za Mombasa ni aloi ya alumini na silikoni, nayo ikipoa huota fuwele zenye matawi. Kuyaona matawi hayo kwenye laptopu, anza na modeli ya 1993 ya mtafiti Ryo Kobayashi, yaani milinganyo inayofuatilia majimaji yanavyoganda. Hiyo ni ya metali safi, silikoni ingojee.

Tengeneza gridi ya vyumba 300 kwa 300, kila kimoja upana 0.03 (vipimo vya modeli tu, havina uniti). Kila chumba kina namba mbili: hali (0 majimaji, 1 kigumu) na jotoridi. Weka mbegu ndogo ya kigumu katikati, upana wa vyumba vitano hivi, kisha endesha hatua 4,000 za muda wa 0.0001 kila moja. Hifadhi matokeo kila hatua 500, umeme usije ukakatika kazi yote ikapotea.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hatua ya muda ikizidi mraba wa upana wa chumba ugawe kwa 4, yaani 0.000225, jotoridi hulipuka na skrini hujaa namba zisizo na maana. Na mpaka wa kigumu na majimaji usipopata unene wa vyumba vinne au vitano, matawi hufuata mistari ya gridi badala ya fuwele yenyewe. Ukiona msalaba ulionyooka kupita kiasi, geuza pembe ya fuwele nyuzi 30: matawi yasipogeuka nayo, punguza upana wa vyumba, na hatua ya muda pia.

Ndipo uongeze silikoni. Kigumu hubeba takriban 0.13 tu ya kiwango cha silikoni kilichomo kwenye majimaji. Iliyobaki hurundikana mbele ya ncha za matawi na kushusha kiwango cha kuganda.