Kutoa nyimbo za kaseti na kuzitia kwenye memori kadi

Kaseti inayotoa sauti ya kufifia mara nyingi haijaharibika. Redio inayoipiga ndiyo chafu, au hedi yake, kile kichwa cha chuma kinachosoma ukanda, imekaa upande. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla kompyuta haijawashwa. Sauti iliyopotea kwenye hedi, hakuna programu itakayoirudisha.

Tafuta redio kaseti au deki yenye tundu la hedifoni, waya wa stirio wenye pini ya milimita 3.5 ncha zote mbili, bisibisi ndogo ya nyota, vijiti vya pamba na alkoholi ya isopropili. Kwenye kompyuta weka Audacity, programu ya kurekodi na kukata sauti, ni ya bure. Kompyuta ya mezani huwa na tundu la buluu nyuma, nalo ndilo la kuingizia sauti. Laptop nyingi zina tundu moja tu, na upande wake wa maikrofoni hupokea chaneli moja. Ukichomeka redio hapo unapata sauti ya upande mmoja, tena iliyopasuka. Nunua kadi ya sauti ya USB, na kabla ya kulipa hakikisha imeandikwa LINE IN, yaani tundu la kuingizia sauti, maana zile za bei ya chini kabisa nyingi zina tundu la maikrofoni tu.

1. Kagua kaseti

Kwanza vunja vile vijiplastiki viwili vya ukingo wa nyuma, ili hata ukibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya nyimbo zisifutike.

Kisha ichungulie kwenye kidirisha. Ukiona unga mweupe kando ya ukanda, huo ni ukungu. Kaseti zilizokaa miaka mingi pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, huupata sana. Usiipige hivyo, kwa sababu ukungu hubaki kwenye hedi na kuhamia kaseti nyingine. Ifungie siku tatu au nne kwenye kopo lisiloingiza hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Halafu vaa barakoa, toka nje, uuzungushe ukanda kwa kalamu ya Bic huku pamba kavu ikiugusa kidogo tu.

Tazama pia kipande cha sufi kilichobandikwa kwenye kibati cha shaba, katikati ya mdomo wa kaseti. Ndicho kinachoukandamiza ukanda kwenye hedi. Kikibanduka, sauti huja na kupotea. Chukua cha kaseti mbovu iliyofungwa kwa skrubu tano, ukihamishie hapo.

Kaseti ya dakika 90 ina ukanda mwembamba kuliko ya 60, na ya 120 ni nyembamba zaidi. Hizo usizikimbize mbele na nyuma kwenye redio kuukuu, zitameng'enywa.

2. Safisha njia ya ukanda

Lowesha pamba kidogo kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, ufute hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta ukanda, mpaka pamba itoke bila rangi ya kahawia. Spiriti ya rangi ya kuwashia jiko haifai, inaacha mabaki. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kwani alkoholi nyingi huukausha mpira ukapasuka. Subiri dakika 10. Rudia kila baada ya kaseti nne au tano.

3. Sawazisha hedi

Hatua hii wengi huiruka, na hapa ndipo sauti hupatikana. Hedi imeshikwa na skrubu mbili. Moja imekazwa kabisa, nyingine ina springi chini yake. Hiyo ya springi ndiyo inayoiinamisha hedi. Redio nyingi zina kitundu juu ya mlango wa kaseti ambacho bisibisi hupita wakati ukanda unazunguka.

Tia alama ya wino mahali skrubu ilipo. Piga sehemu yenye fidla, matoazi au herufi "s" nyingi. Geuza skrubu polepole, isizidi robo ya mzunguko kwa kila upande. Utasikia fidla ikizama kama imefunikwa blanketi, kisha inafunguka, kisha inazama tena. Rudi pale ilipofunguka zaidi. Usitumie bisibisi yenye sumaku.

Kila kaseti isawazishwe upya, kwa sababu kila moja ilirekodiwa na mashine yenye hedi iliyokaa kivyake, hasa zile nakala za madukani. Ukimaliza, rudisha skrubu kwenye alama.

Mwimbaji akisikika mzito anayejikokota, mkanda wa mpira unaozungusha mota umelegea. Ubadilishe. Kurekebisha kasi kwa programu hakusaidii, kwa sababu kasi yenyewe inayumba.

4. Rekodi

Kwenye Audacity weka 44,100 Hz, biti 16, stirio. Sauti ya redio iwe nusu, vitufe vya besi vizimwe. Dolby, kile kitufe cha kupunguza mvumo, iwashwe tu kama kaseti ilirekodiwa nayo. Tafuta sehemu yenye kelele kuliko zote, uhakikishe kipimo cha sauti cha Audacity hakipiti -6 dB. Kikigonga 0, imepasuka na haitengenezeki. Rekodi upande mzima bila kukatiza. Dakika 45 za WAV, faili la sauti lisilobanwa, huchukua takriban MB 475.

Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptop. Simu iwe mbali na waya.

5. Punguza mvumo, kisha kata

Chagua sekunde mbili tatu za mvumo kabla wimbo haujaanza, lakini si za kile kipande cha plastiki cha mwanzo, kwa kuwa hakina dawa ya sumaku na mvumo wake si ule wa ukanda. Ipe Noise Reduction ya Audacity kipande hicho kama mfano wa mvumo, kisha itumie kwa upande mzima, dB 6. Ukizidisha, pumzi za mwimbaji zinaondoka na fidla inalia kama iko ndani ya maji.

Weka alama za mwanzo wa kila wimbo kwa Ctrl+B. Usiiachie programu itafute mwenyewe ukimya: taarabu ina vituo vya ala katikati, na wimbo mmoja utakatwa vipande vitatu.

6. Hamishia kwenye kadi

Hifadhi WAV kwenye diski, kisha toa MP3 ya kbps 192. Upande wa dakika 45 unakuwa MB 65 hivi.

Kadi za GB 64 na kuendelea huja na mfumo wa exFAT, ambao sabufa na redio nyingi za gari hazisomi. Chukua ya GB 32 yenye FAT32. Vifaa hivyo vingi hupiga nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, si kwa majina. Zipe namba 01, 02, 03, halafu zinakili moja moja kwa kufuatana. Ukizimwaga zote kwa mkupuo, upande B unaweza kutangulia upande A.