Jinsi ya kumfikisha mhusika wako chini kabisa kwenye tanzia bila kumlazimisha alie

Skripti nyingi za tanzia (michezo ya kuigiza inayoishia kwa huzuni) ninazopewa nizisome zina ugonjwa mmoja, mwandishi anataka mhusika afike mwisho kabisa basi anamrundikia mabalaa, kafukuzwa kazi, mke kaondoka, mtoto anaumwa, nyumba imeungua, halafu anapiga magoti katikati ya steji anapiga ukelele "kwa nini mimi!" taa zinazimwa. Watu wanamwonea huruma kidogo wanarudi kwenye simu zao. Huyo hajafika chini bana, huyo ana mkosi tu.

Kwanza kabisa shimo alichimbe mwenyewe, tena alichimbe kwa kile kitu ambacho watu wanamsifia. Mchukue Edipode wa Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale (Samuel Mushi alishatuletea kwa Kiswahili, Mfalme Edipode, itafute). Jamaa ana akili, alitegua kitendawili cha Sfinksi, dude lililokuwa likiua watu, ndo akapewa ufalme wa mji wa Thebes. Tauni inaingia mjini, anafanya kile kile ambacho kiongozi mzuri angefanya, anaanzisha uchunguzi na anamlaani hadharani aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia. Kila swali la maana analouliza linamsogeza kwake mwenyewe. Mtabiri kipofu Tiresias anamwambia usoni kwamba ni wewe, yeye anatukana. Jocasta mkewe anaelewa kabla yake na anamsihi aache kuuliza, wapi, sikio la kufa. Sasa mwondolee ile hamu ya kujua ukweli uone kama kuna tamthilia inabaki. Kwa hiyo andika kwenye karatasi sifa moja inayofanya mhusika wako apendwe, halafu jiulize inaweza kummalizaje, na ukikosa jibu badilisha mhusika, usiongeze balaa.

Pili, habari ya kumwangusha iletwe na mtu anayemtakia heri. Hapa Sophocles ni fundi jamani. Mjumbe anatoka Korintho, mji aliokulia Edipode, mbio mbio anategemea na bakshishi, mfalme Polybus baba yako kafariki, njoo utawale. Edipode anapumua, maana alitabiriwa atamuua baba yake na kumbe mzee kajifia zake. Ila bado anaogopa ile sehemu nyingine ya utabiri, ya kumwoa mama, basi yule mjumbe kwa roho safi kabisa anamtoa wasiwasi, wala usihofu, wale hawakukuzaa. Imeisha hiyo, maana waliomzaa ni Laius na huyo huyo Jocasta. Mwanafalsafa Aristotle alilisifia hilo, kwamba mambo yanageuka na mtu anajitambua kwa pamoja. Adui akileta habari mbaya watazamaji wameshajiandaa, rafiki akileta hawana pa kujificha.

Halafu mshushe ngazi kwa ngazi, usimtupe. King Lear ya Shakespeare, mzee kagawa ufalme wote kwa mabinti wawili, Goneril na Regan, kajibakizia askari 100 wa kumsindikiza. Goneril anataka wapunguzwe wabaki 50. Anakimbilia kwa Regan, Regan anasema kwangu mwisho 25. Mzee anageuka anamwambia Goneril basi narudi kwako, 50 ni mara mbili ya 25 kwa hiyo na mapenzi yako ni mara mbili (yani mfalme mzima anapiga hesabu za upendo!). Goneril anauliza hata hao 25 wa nini, hata 10, hata 5? Regan anamalizia, hata mmoja wa nini? Hakuna aliyepigwa hata kofi, na mzee anaishia nje kwenye mvua na radi. Na wewe tafuta hesabu ya mhusika wako. Mkurugenzi aliyetumbuliwa, kwanza anaondolewa gari, halafu dereva, halafu kwenye kikao cha ukoo anakuta kiti chake kakaa mtu mwingine, halafu kijana wa getini aliyekuwa anamwamkia shikamoo siku zote anamwambia "mambo vipi mzee". Hiyo ya shikamoo inauma kuliko gari.

Ukidhani kafika, mpe pumziko la uongo. Humo humo kwenye Lear kuna Edgar, anajifariji kwamba ukishakuwa chini kabisa kilichobaki ni nafuu tu, na hapo hapo analetwa baba yake Gloucester katolewa macho yote mawili. Anakiri mwenyewe kwamba kama bado una nguvu ya kusema hapa ndo pabaya kabisa, basi bado hujafika.

Akishafika, mnyime hotuba. Lear kambeba binti yake mdogo Cordelia kafa, na kati ya mambo ya mwisho anayosema ni kuomba afunguliwe kifungo cha nguo, na anashukuru. Kifungo tu. Usiandike kwenye mabano "analia kwa uchungu", mpe muigizaji kitu kidogo cha kufanya kwa mikono.

Na mwachie uamuzi mmoja, hili wengi wanalisahau. Kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) vita ya Maji Maji imeshashindwa, watu wamekufa wakiamini maji aliyowapa Kinjeketile yatawakinga na risasi, yeye mwenyewe yuko kwenye minyororo na Wajerumani wanataka kauli moja tu, aseme maji yalikuwa uongo. Kitunda, mwenzake aliyeongoza wapiganaji, naye anamshawishi akubali. Anakataa, maana akisema hivyo wajukuu wataambiwa kupigania haki yao lilikuwa kosa. Kanyang'anywa kila kitu isipokuwa ndiyo au hapana. Kinjeketile wa historia alinyongwa mapema Agosti 1905 vita ikiwa ndo kwanza imeanza, Hussein akamwacha wake aishi mpaka aone kushindwa, kwa sababu bila hiyo hana cha kuamua. Kwa hiyo na wewe usiogope kusogeza matukio.

La mwisho ni la kiufundi, damu. Edipode anajitoboa macho kwa vibanio vya nguo ya Jocasta lakini hatumwoni akifanya, mjumbe mwingine ndo anatoka kusimulia, halafu yeye analetwa nje kashaharibika na anaulizia mabinti zake. Mfuate Sophocles hapo. Rangi nyekundu stejini kwetu huwa inaleta kicheko, hasa watoto wakikaa mstari wa mbele.