Kutoka digrii ya biashara hadi ushauri wa TEHAMA ughaibuni, hatua kwa hatua

Kabla ya usaili wangu wa kwanza wa kazi ya ughaibuni nilikesha wiki nzima najifunza kuandika programu. Sikuulizwa hata mstari mmoja wa msimbo. Niliulizwa hivi: mzigo umeshaingia ghalani, ankara ya msambazaji haijafika, na mwezi unafungwa leo, deni hilo linakaa wapi kwenye vitabu? Nililisoma hilo mwaka wa pili chuoni. Nikababaika, maana sikutarajia kuulizwa uhasibu kwenye kazi ya kompyuta. Kazi nikaikosa.

Kampuni inayoweka mfumo mpya wa kompyuta wa kuendeshea biashara (fedha, manunuzi, mauzo) ina waandishi wa programu tayari. Inayemtafuta ni mtu anayeelewa mhasibu analalamikia nini, kisha akayageuza malalamiko hayo kuwa mipangilio ya mfumo. Mwenye digrii ya biashara aingilie mlango huo.

Hatua ya 1: Chagua mfumo mmoja na eneo moja

Uliyesoma uhasibu, shika moduli (sehemu za mfumo) za fedha. Uliyesoma ugavi, shika manunuzi na ghala. Wa masoko, angalia Salesforce, mfumo wa kusimamia wateja na mauzo.

SAP, kampuni ya Kijerumani ya mifumo ya biashara iliyoanzishwa mwaka 1972, imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani, ECC, yatakoma mwishoni mwa 2027. Makampuni yanahamia mfumo wake mpya, S/4HANA, uliotoka 2015, na uhamiaji huo unahitaji watu wengi wa FI (fedha), MM (manunuzi) na SD (mauzo). Ubaya wake ni kwamba SAP ni vigumu kuifanyia mazoezi ukiwa nje ya kampuni inayoitumia. Salesforce ina mafunzo ya bure ya Trailhead, na mifumo ya biashara ya Microsoft, Dynamics 365, inafundishwa bure kwenye Microsoft Learn. Kama hujawahi kugusa mfumo wowote, anza na Odoo Community: ni mfumo wa biashara ulio programu huria, unaipakua na kuivuruga upendavyo.

Hatua ya 2: Unda kampuni ya kuigiza, kisha uiharibu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Odoo Community inatosha kwa manunuzi na ghala. Upande wa vitabu fanya kwenye lahajedwali, na kwa kujifunza ni bora hivyo, maana unaandika kila ingizo kwa mkono wako.

Agiza katoni 100 kwa bei ya 10 kila moja. Ghala lipokee 90 tu. Debiti bidhaa ghalani 900, krediti akaunti ya muda ya "mzigo uliopokelewa bila ankara" 900. Sasa msambazaji alete ankara ya katoni zote 100, na karani aiingize bila kuangalia: debiti akaunti ya muda 1,000, krediti msambazaji 1,000. Angalia akaunti ya muda. Imebaki na debiti ya 100, yaani katoni 10 ambazo hakuna aliyeziona.

Mhasibu angesahihisha na kuendelea. Mshauri anaanza kuuliza. Je, mfumo uzuie malipo ya ankara nzima au uzuie tofauti tu? Tofauti ya kiasi gani iachwe ipite? Nani apate taarifa, wa ghala au wa manunuzi? Na katoni 10 zikifika mwezi ujao? Andika majibu kwenye ukurasa mmoja: hali ilivyo, hatua za kufuata, matokeo yanayotarajiwa, matokeo yaliyopatikana. Hiyo ni hati ya majaribio, na washauri wachanga hushinda siku nzima wakiandika hizo.

Tengeneza kumi za namna hiyo: bidhaa kurudishwa, punguzo, malipo ya awali, ankara iliyoingizwa mara mbili.

Hatua ya 3: SQL kidogo, cheti kimoja

SQL ni lugha ya kuuliza hifadhidata maswali. Ukiweza kuchagua safu, kuunganisha jedwali mbili na kujumlisha kwa makundi, inatosha kwa kuanzia. Cheti chukua kimoja cha mfumo uliouchagua. Nimeona wasifu wenye vyeti tisa vya mada tisa. Msaili huvipita haraka, kwa sababu havimwambii mtu huyu anajua kufanya nini.

Hatua ya 4: Kuwa "mtu wa mfumo" hapo ulipo

Usikimbilie ndege. Ofisini kwako, kama kuna mfumo unabadilishwa, jitolee kusafisha orodha ya wasambazaji, kufanya majaribio na kufundisha wenzako. Ni kazi zinazokimbiwa, lakini mwaka mmoja wa hizo unakupa mengi ya kusimulia.

Kwenye wasifu usiandike "nilihusika na mfumo mpya". Andika ulichokishika: "Nilisafisha rekodi 4,000 za wasambazaji kabla ya kuhamisha data, nikaondoa zilizojirudia." Namba iwe ya kweli, kwa sababu utaulizwa ulizitambuaje.

Hatua ya 5: Chagua nchi kwa kufuata viza

Ujerumani ina Chancenkarte ("kadi ya fursa"), iliyoanza Juni 2024: unaingia kutafuta kazi hadi mwaka mmoja, na unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Ukishapata ajira, Blue Card, kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi, ni njia nzuri kwa mwenye digrii. Angalia mapema kwenye hifadhidata ya Kijerumani ya anabin kama chuo na digrii yako vinatambuliwa. Uingereza na Uholanzi huchapisha orodha rasmi za waajiri wenye idhini ya kuleta wageni. Tuma maombi kwa waliomo, wengine watakupotezea muda. Viza ya kazi ya Marekani, H-1B, ina nafasi 85,000 kwa mwaka na hupitia bahati nasibu, kwa hiyo usiifanye ndiyo mpango wako pekee. Vigezo vya mshahara hubadilika. Visome kwenye tovuti ya serikali husika siku unayoomba.

Anayekudai hela ili akupe kazi ni tapeli, hata akiwa na barua yenye muhuri.

Hatua ya 6: Soma mkataba kabla ya kufurahi

Uliza mambo matatu kwa maandishi. Kati ya mradi mmoja na mwingine, mshahara unaendelea? Ukiacha kazi kabla ya muda, unarudisha gharama za mafunzo na za kuhamia? Na viza imefungwa kwa mwajiri huyu? Ikiwa imefungwa, usichukue kazi za pembeni hadi umehakikisha zinaruhusiwa. Mimi swali la pili sikuliuliza, na marejesho ya nauli yangu yalikatwa kwenye mshahara wa mwisho.